Shungwaya: Nchi Tuliyotoka au Nchi Tuliyoisimulia?



Muulize Mgiriama, Mdigo, Mrabai au Mchonyi aliyelelewa na babu yake wazee wake walitoka wapi, naye atakujibu bila kusita: Shungwaya. Wengine hutamka Singwaya. Muulize iko upande gani, atakunyoshea mkono kaskazini, ng'ambo ya Mto Sabaki, ng'ambo ya Tana, mpaka nchi ambayo leo ni kusini mwa Somalia. Na si Wamijikenda, yaani jamii hizo na ndugu zao, tisa kwa jumla, peke yao. Wabajuni wana Shungwaya yao, Wapokomo wana yao, Wasegeju hali kadhalika, na hapa Mombasa Wakilindini, mojawapo ya makundi ya Waswahili, huitaja Shungwaya wanapohesabu asili yao. Nchi moja inadaiwa na watu wengi kiasi hiki, na bado wataalamu hawajakubaliana ilikuwa mahali gani hasa, wala kama iliwahi kuwapo.

Nimeombwa nijibu swali: Shungwaya ni kisasili au ni historia? Nitatoa jibu langu waziwazi, lakini kwanza naomba tuisikilize hadithi yenyewe, maana wengi wanaoibishania hawajawahi kuisikia yote.

Inasimuliwa kwa namna nyingi, lakini kiini chake ni hiki. Wazee waliishi Shungwaya pamoja na majirani wafugaji, Waoromo, ambao watu wa pwani waliwaita Wagala. Ikafika zamu ya rika jipya kupandishwa. Vijana wakapakwa udongo, wakaingia katika ibada iitwayo mung'aro, na ibada hiyo ilidai damu ya mtu wa nje. Wakamuua Mgala. Jamaa za marehemu wakaja kudai dia, wazee wakakataa kulipa, vita vikaanza. Wagala walikuwa wengi na wakali, na watu wa Shungwaya wakaona hawana ubavu nao. Wakafungasha, wakashika njia ya kusini makundi kwa makundi, wakavuka mito, wengine wakapumzika kwenye mlima Mwangea, hatimaye wakapanda vilima vilivyo nyuma ya Kilifi, Mombasa na pwani ya kusini. Huko wakajenga kaya zao, yaani miji yao, ndani ya msitu mnene, kila watu na kaya yao. Walichokibeba kwa uangalifu kuliko chakula na mifugo kilikuwa fingo, dawa ya ulinzi iliyotoka kwa wahenga, ambayo ilifukiwa ardhini katika kila kaya kabla ya mtu yeyote kulala humo.

Angalieni jinsi hadithi hii inavyojitia hatiani. Kwa kawaida watu wanaposimulia walivyofukuzwa, humfanya adui awe dhalimu na wao wasio na kosa. Hapa chanzo cha vita ni damu waliyoimwaga wenyewe na dia waliyokataa kulipa. Mimi jambo hili hunipa moyo wa kuisikiliza hadithi kwa heshima zaidi. Mtu anayetunga asili ili ajisifu hangeanza na deni la damu.

Lakini kuna jambo jingine ndani yake linalotaka macho makali. Husemwa kwamba Wadigo ndio waliotangulia kuondoka, wengine wakafuata kwa mpango wao. Ukiutazama mpango huo wa kuondoka, utauona ndio mpango wa heshima kati ya hao ndugu tisa: nani mkubwa, nani mdogo, nani anatangulia katika mambo ya mila. Msafara umegeuzwa kuwa orodha ya vyeo. Basi hata kama safari ilikuwapo, walioisimulia baadaye waliinyoosha ipatane na mahusiano waliyokuwa nayo kusini. Mwanahistoria anayeusoma mpangilio huo kama ratiba ya safari anapotea.

Wale ambao hawajaingia kayani, nawashauri waende Kaya Kinondo, kule Diani, ambako wazee wameruhusu wageni kwa masharti. Utavua kofia, utafungwa kaniki nyeusi kiunoni, utaambiwa usiokote jani wala kijiti, na mzee atatangulia mbele. Ndani kuna giza la miti iliyoachwa izeeke yenyewe. Kwa desturi kijia huwa chembamba kwa makusudi, kwa sababu msitu ndio uliokuwa ukuta wa mji, na katikati ndipo palipokuwa na moro, mahali wazee walipokaa kuamua mambo. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya kumi za Wamijikenda katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kwa maelezo yake, kaya hizi zilianzishwa tangu karne ya 16, na watu walikuwa wamekwisha kuhama ndani yake kufikia miaka ya 1940. Karne hiyo ya 16 imetokana kwa sehemu kubwa na hadithi ya Shungwaya. Mnaona jinsi mambo yanavyoshikana: ukiitikisa Shungwaya, umetikisa na umri wa kaya.

Sasa tuingie kwenye ubishi wenyewe.

Mwaka 1972 mwanahistoria R. F. Morton alichapisha makala ambayo kichwa chake tayari kiliiita Shungwaya kisasili. Hoja yake ilikuwa nzito, na haifai kudharauliwa. Alisema: mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, mwenzake Rebmann akamfuata mwaka 1846, wakakaa Rabai, wakajifunza lugha, wakaandika kila walichosikia. Warabai walipoulizwa asili yao wakati huo walitaja Rombo, upande wa Uchagani. Shungwaya haikutajwa. Iweje basi, mwishoni mwa karne hiyohiyo na mwanzoni mwa karne ya 20, kila mtu aitaje? Morton alielekeza kidole kwenye Kitabu cha Zanji, maandishi ya Kiarabu ambayo Mtaliano Enrico Cerulli aliyachapisha mwaka 1957. Kinasimulia watu walioitwa Kashuri, walioishi upande wa Mto Juba mpaka Wagala walipowafukuza kuelekea kusini. Kwa maoni yake, habari hiyo iliyokuwa mikononi mwa wasomi Waislamu wa pwani ndiyo iliyowafikia Wamijikenda na maafisa wa Kiingereza, nao wakaikubali kuwa yao.

Mwanahistoria mwenzake Thomas Spear hakukubali. Yeye alizunguka kaya kwa kaya mwanzoni mwa miaka ya 1970, akakaa na wazee, akakusanya masimulizi mengi, na kitabu chake kuhusu kaya kikatoka mwaka 1978. Alichokiona ni kwamba hadithi ya Shungwaya imefumwa na mambo ambayo hayamo katika Kitabu cha Zanji: marika, mung'aro, fingo, njia za kila ukoo. Kwa kuhesabu marika kurudi nyuma, aliiweka safari hiyo mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17. Hesabu ya marika ina udhaifu wake, kwa kuwa rika linaweza kucheleweshwa na njaa au vita, na jina la rika lililopotea halina atakayelidai. Hata hivyo, hoja ya Spear kuhusu undani wa masimulizi mimi naiona haijavunjwa. Watu hawajifunzi ibada yao ya kuingia utu uzima kutoka katika hati ya Kiarabu ambayo wengi wao hawakuweza kuisoma.

Na ukimya uliomshtua Morton una maelezo mengine. Mzee wa Rabai anamjua mgeni huyu aliyefika majuzi na kitabu mkononi? Habari za fingo ni siri za kaya. Ukoo mmoja ulitoka Rombo, mzee wa ukoo huo akasema Rombo, na alisema kweli ya ukoo wake. Hapa ndipo ninapoona pande zote mbili za ubishi zilivyoteleza: zilidhani watu wa kaya moja lazima wawe na asili moja.

Tuwaache wasomi hao kidogo, tuangalie yaliyoandikwa wakati mambo yanatokea. Mwaka 1593, kule Ethiopia, mtawa aitwaye Bahrey aliandika habari za kuenea kwa Waoromo, akieleza marika yao yalivyokuwa yakizidi kusonga mbele vita kwa vita. Kwa hiyo mgandamizo wa Waoromo katika karne ya 16 si ndoto ya mzee aliyekaa chini ya mwembe, ila huo wa Bahrey ulikuwa mbali na pwani yetu. Karibu zaidi tunao Wareno. Katika robo ya tatu ya karne hiyo waliwakuta Wasegeju nje ya Malindi. Mwaka 1589 wavamizi walioitwa Wazimba walipokwisha kuiangamiza Mombasa na kuikabili Malindi, waliowavunja nguvu walikuwa Wasegeju hao. Mwaka 1592 Wasegeju wakaitwaa Mombasa yenyewe, na mji ukaishia mikononi mwa mfalme wa Malindi. Leo Wasegeju utawakuta wapi? Vanga na pwani ya Tanga. Jamii inayodai Shungwaya imeandikwa na mashahidi wa wakati huo ikiwa Malindi, na baadaye tunaikuta kusini kabisa. Huo ni mwendo wa kweli, wa watu wa kweli, kuelekea upande uleule ambao hadithi inautaja.

Wareno hao hao waliandika habari za watu wa bara la Mombasa waliowaita Wamuzungulo, ambao wanahistoria wengi wanawaona kuwa mababu wa Wamijikenda. Mwaka 1614 Sultani Hasan wa Mombasa aligombana na Wareno, akakimbilia kwa Wamuzungulo, nao wakamuua kwa kushawishiwa na Wareno. Kisa cha kuhuzunisha, lakini kwetu kina faida: mwanzoni mwa karne ya 17 nyuma ya Mombasa palikuwa na watu wenye nguvu ya kutosha kiasi kwamba sultani aliwakimbilia na Wareno wakawatafuta. Watu waliofika jana wakiwa wakimbizi hawapati heshima hiyo upesi. Ama walikuwa wamefika zamani kidogo, ama waliwakuta wenyeji wakaungana nao.

Akiolojia inaelekea kwenye hilo la pili. Katika miaka ya 1960 Robert Soper alichimba Kwale, akapata vyungu vya wakulima na wafua chuma wa karne za mwanzo baada ya Kristo. Vyungu vya aina hiyo vimepata jina la Kwale, na vimeonekana sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Miongo mitatu baadaye Richard Helm alipima na kuchimba nyuma ya Mombasa na Kilifi, akaona makazi ya wakulima na wafua chuma yaliyoendelea karne baada ya karne, bila pengo ambalo ungesema hapa wenyeji waliisha na hapa wageni wakaingia. Vilima vya kaya havikuwa pori tupu lililongoja watu wa Shungwaya. Kulikuwa na mashamba, kulikuwa na makaburi, kulikuwa na bibi anayechoma chungu.

Wanaisimu wameleta ushahidi wa namna yake. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao kikubwa cha mwaka 1993, walionyesha kwamba Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na Kikomoro ni lugha za mama mmoja, waliyempa jina la Sabaki kwa kufuata mto. Kaskazini, ndani ya Somalia, Chimwini cha Barawa na Kibajuni vimesimama mpaka leo kuonyesha kwamba wasemaji wa lugha za Kibantu walikaa pwani ile zamani. Hapa lazima nitie tahadhari, kwa kuwa wengi hukosea: Wazigua walioko bonde la Juba hawana ushahidi wowote kuhusu Shungwaya. Wale walipelekwa huko katika karne ya 19 kwa biashara ya watumwa, na historia yao ina uchungu wake wa pekee.

Lakini tazameni tarehe. Mama Sabaki alikwisha kutawanyika kabla ya mwaka 1000, kwa sababu Waswahili walikuwa wamekwisha kuenea katika pwani na Kikomoro kilikwisha kufika visiwani. Mkimbio wa kuwakimbia Wagala ulikuja miaka mia tano au zaidi baadaye. Kwa hiyo kuna kutoka kaskazini mara mbili: kule kwa kale, kwa polepole, kwa vizazi vingi vya wakulima kusogea, na kule kwa haraka, kwa hofu, kwa koo chache zilizokimbia vita. Kumbukumbu za mdomo zina tabia ya kukunja karne zikawa siku moja. Mimi nasadiki kwamba hadithi ya Shungwaya imezikunja safari hizi mbili zikawa safari moja, kwa sababu ya kosa moja.

Na mahali je? Watafiti Vinigi Grottanelli na Neville Chittick waliitafuta Bur Gao, bandari iliyo kusini mwa Kismayu. Chittick alipita huko mwishoni mwa miaka ya 1960, akatazama kuta na makaburi. James de Vere Allen, katika kitabu kilichotoka mwaka 1993, akaupanua mjadala, akaona Shungwaya si mji mmoja bali utawala uliohamahama makao, wa wakulima na wafugaji waliochanganyika. Sikubaliani na mengi aliyoyajenga juu ya wazo hilo, maana alilitwisha asili ya Waswahili wote. Lakini kwamba Shungwaya ni jina la eneo na maisha ya pamoja kuliko jina la geti la mji, hapo naona alilenga.

Basi jibu langu. Shungwaya ilikuwapo. Ilikuwa nchi ya kati ya Tana na Juba ambako wakulima wa Kibantu na wafugaji wa Kikushi waliishi bega kwa bega, wakauziana, wakaoana, wakauana. Koo kadhaa zilitoka huko katika karne ya 16 na ya 17 zikashuka kusini. Kusini zikawakuta wenyeji wenye chuma na mashamba, na watu wengine waliokuja kutoka magharibi, wa Rombo wakiwamo. Ndani ya kaya wote hawa wakawa kitu kimoja, na waliokuja na fingo wakaja na uongozi wa ibada, na aliyeshika ibada ndiye aliyeshika simulizi. Kwa hiyo Shungwaya ni historia ya baadhi yao, na ni urithi wa wote. Mtoto wa ukoo wa Rombo anaposema tulitoka Shungwaya hasemi uongo, kama vile mke aliyeolewa anavyoapa kwa mizimu ya nyumba aliyoingia. Hata jina la Mijikenda lenyewe lilishika nguvu katika miaka ya 1940 tu, watu tisa walipohitaji sauti moja mbele ya serikali ya kikoloni, na walipolihitaji, simulizi ya kuwaunganisha ilikuwa tayari.

Ninaisema habari hii kwa msisitizo kwa sababu inaumiza watu hadi leo. Nimesikia katika mikutano ya ardhi, nimesikia katika kampeni: hawa nao ni wageni, si wanasema wenyewe walitoka Somalia? Hadithi ya wazee imegeuzwa hati ya kumfukuzia mjukuu. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 ilitaka kila mtu apeleke dai lake la ardhi ya pwani kwa maandishi. Watu waliomiliki kwa ukoo na kwa kaya wengi wao hawakupeleka, na vizazi vyao vikawa maskwota kwenye makaburi ya mababu zao. Mwaka 1914 Waingereza waliwaamuru Wagiriama wahame ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki. Viongozi wa upinzani wao, Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola, walikuwa wamekwisha kupelekwa uhamishoni Kisii kwa kuwaapisha watu wasitii. Mwezi wa Agosti mwaka huo serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti. Mkoloni alijua vizuri kwamba pale msituni palikuwa na mamlaka.

Hata tukiisoma hadithi neno kwa neno, watu hawa walikuwa juu ya vilima vyao wakati ujenzi wa ngome ya Fort Jesus, ulioanza mwaka 1593, ulikuwa bado mpya, na miaka mingi kabla Waomani hawajawatoa Wareno ndani yake mwaka 1698. Nani kati ya wanaowaita wageni ana hati ya zamani kuliko hiyo? Na tukiisoma kwa ushahidi wa udongo wa Kwale, baadhi ya mababu zao hawakutoka popote. Kwa vyovyote vile, dai la ugeni halina mguu wa kusimamia.

  

Kilichobaki kwetu ni kazi, na kazi hii ina saa. Tangu serikali ya Somalia ianguke mwaka 1991, ardhi ya kati ya mpaka wetu na Kismayu imekuwa ngumu kuchimbwa. Kinachoweza kufanyika kipo hapa Mombasa. Wabajuni waliokimbia vita vilivyofuata walishuka kwa majahazi kando ya pwani ileile, na wengi walitua huku kwetu. Wazee wao wanajua majina ya visiwa, visima, mashamba ya zamani na makaburi ya Bur Gao na Kiyamboni kuliko ramani yoyote iliyochapishwa, na wanajua nyimbo za vave, nyimbo za kufyeka na kuchoma shamba, zenye mambo mengi ya maisha ya bara ile. Idadi yao inapungua kila mwaka. Naomba idara zetu za historia na Makumbusho ya Taifa ziketi na wazee hawa pamoja na wazee wa kaya, kinasa sauti kikiwa mezani, walinganishe majina ya mahali na majina ya koo, kabla hatujaandika makala nyingine ya kubishana kuhusu Krapf. Wazee wawili wa Kibajuni wamekubali kuanza nami mwezi ujao, na mwenye kutaka kuungana nasi anione baada ya kikao.

 Sasa tupokee maswali, tuanze na wazee.